Kifungu cha Mheshimiwa Aliyeketi

Kwa furaha kubwa, na kwa mamlaka yanayoambatana na koti langu la buluu lenye vifungo vya shaba, nautangazia umma kwamba Jengo la Bunge la jimbo letu lina milango miwili. Mlango wa Kwanza ni wa raia wasio na silaha. Hao hupanga foleni, huvua mikanda, hupekuliwa mikoba na kupitishwa kwenye mashine, na mashine ikilia hurudi nyuma wakaanza upya. Mlango wa Pili ni wa raia wenye bastola zilizofichwa kiunoni. Hao huonyesha kadi ya kibali, tunawatakia asubuhi njema, wanapita.

Wako watu wenye vichwa vizito wanaouliza kwa nini asiye na bastola apekuliwe na mwenye nayo aachwe. Jibu ni rahisi mno hata naona haya kulitoa. Mwenye bastola tunajua ana nini. Asiye na bastola hatujui anaficha nini.

Utaratibu huu niliubuni mimi, Eubanks, Msimamizi Msaidizi wa Milango, miaka kumi na tisa kazini bila doa. Mafanikio yake yanaonekana kwa macho. Washawishi wa makampuni, waandishi wa habari, hata yule bibi anayeuza biskuti za kuchangia maktaba, wote walikwenda kuchukua vibali vya bastola ili wasipange foleni. Wengi hawana hiyo bastola na wala hawaitaki. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba hakuna jengo lingine jimboni lenye raia wengi waaminifu kiasi hiki.

Mambo yalikuwa safi kabisa mpaka alipotokea mpishi.

Jina lake Verna Kolarik, mpishi mkuu wa bwalo la shule ya msingi ya Plum Fork, mji wenye makanisa matatu na mnara mmoja wa maji. Ulikuwa mwaka wa kikao. Bunge letu, mjue, hukutana mara moja tu kila miaka miwili, maana jimbo haliwezi kuhimili hekima nyingi kwa mpigo. Mezani kulikuwa na Mswada wa Arobaini na Moja, ulioletwa na Mheshimiwa Dwight Hollings, mwenyekiti wa Kamati ya Usalama na mbunge wa Plum Fork hiyo hiyo. Mswada ulikuwa na nia njema. Ulifuta vibali. Mtu mzima yeyote angebeba bastola ya kificho popote atakapo: kanisani, baa, wodi ya wazazi na, kwa kifungu cha tisa, kwenye mabwalo ya shule. Aidha, ulikataza kumwuliza mtu kama ana bastola, kwa kuwa swali hilo linaumiza hisia.

Verna alitaka kifungu cha tisa kiondolewe. Hicho tu. Kwa mujibu wa kanuni, mwananchi mwenye maoni lazima afike mwenyewe mbele ya kamati, siku ya Alhamisi, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Alhamisi ya kwanza aliendesha gari maili mia na hamsini akaingia foleni ya Mlango wa Kwanza. Mbele yake walikuwapo watoto wa shule sabini waliokuja kujifunza jinsi sheria zinavyotungwa, na kila mtoto alikuwa na chupa ya maji ya chuma. Alipoifikia mashine ilikuwa saa tano kasoro robo.

"Kamati imeshafunga, mama," nikamwambia.

"Imefungaje na mimi nimefika saa mbili?"

"Umefika nje saa mbili. Kamati iko ndani."

Alhamisi ya pili alikuja alfajiri, tena na dada yake. Huyu dada, Arlene, alikuwa na kile kitembeleo cha chuma cha miguu minne wanachoegemea wagonjwa. Mashine ikapiga kelele. Utaratibu ni utaratibu: tukamkalisha Arlene kwenye benchi, vijana wangu wakakifungua kitembeleo mguu mmoja mmoja kutazama kama kuna kitu ndani. Wakati huo bwana mmoja mnene akapita Mlango wa Pili, koti limemvimba kiunoni. Nikamtakia asubuhi njema.

"Na huyo je?" Verna akauliza.

"Huyo ana kibali."

"Cha nini?"

"Cha bastola."

"Kwa hiyo ana bastola?"

"Hilo, mama, si heshima kuuliza."

Arlene aliangua kicheko pale benchini mpaka akashika nyonga. "Verna, ndugu yangu," akasema, "tumekuja na silaha isiyofaa. Ningebeba bunduki badala ya hiki kitembeleo, saa hizi tungekuwa ndani tunakunywa kahawa."

Niliwaonya kuhusu lugha ya vitisho, kisha nikawaarifu kwamba kamati imefunga.

Alhamisi ya tatu, saa tatu kasoro dakika tano, Verna Kolarik alipita Mlango wa Pili ameinua kadi mpya. Jumamosi nzima alikuwa kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka la chakula cha mifugo. Alifyatua risasi kumi kumlenga mtu wa karatasi. Mbili zilimpata mtu, moja ikapata gari la mwalimu wa shabaha, na akapongezwa kwa kufaulu. Mkobani niliona mpini mrefu wa chuma umechomoza, nikajisahau.

"Hicho ni nini?"

"Bwana Eubanks," akasema, "si heshima kuuliza."

Ulikuwa upawa. Akapita nao.

Ndani ya kamati kila mwananchi hupewa dakika mbili. Saa naishika mimi. Mbele kuna taa: ya kijani anza, ya njano fupisha, nyekundu kaa chini. Mheshimiwa Hollings alikuwa amekaa katikati ya meza, shingo nene, nywele zimelazwa kwa mafuta. Kila mtu jengoni anajua kwamba kiunoni upande wa kulia ana bastola yake, haimwachi hata akienda kubatizisha wajukuu.

"Naitwa Verna Kolarik, natoka..."

"Ah, Mama Verna! Nani asiyekujua?" mwenyekiti akasema, akizitabasamia kamera. "Nimekula chakula chako miaka sita."

"Ulikula nusu, Dwight. Karoti ulikuwa unazificha ndani ya boksi la maziwa."

Watu wakacheka. "Sekunde kumi na tano zimekwenda," nikatangaza.

"Basi nisikilizeni," Verna akasema. Hakuwa na karatasi. "Dada yangu Arlene yuko nje, mmemzuia mlangoni tena. Miaka arobaini na miwili tumepakua chakula pamoja, mimi kwenye sufuria, yeye kwenye mboga. Mwaka jana kanisani kwetu kulikuwa na karamu ya samaki. Shemasi Lyle aliangusha uma. Akainama kuuokota, bastola ikamtoka kiunoni, ikagonga sakafu, ikalia. Risasi ilimwingia Arlene hapa, kwenye nyonga. Pale walikuwapo watu wazima arobaini. Bwaloni kwangu kuna watoto mia mbili na kumi, na huanguka uma kila dakika. Arlene amesema kifungu hiki kikipita harudi tena bwaloni, na mimi simlaumu. Naogopa. Nasema wazi, mimi naogopa."

Mwenyekiti akaweka uso wa msiba, ule wa picha.

"Pole sana kwa dada yako. Lakini tuseme ukweli, bastola haikumpiga dada yako. Ilianguka tu."

"Ilianguka ikampiga."

"Mama, chumba kisicho na bastola ni zizi la kondoo lililoachwa wazi. Mbwa mwitu anasoma kibao mlangoni, anaingia."

"Lyle si mbwa mwitu, Dwight. Lyle ni shemasi. Aliinama kuokota uma."

"Na angekuwapo pale raia mwema mwingine mwenye bastola..."

"Walikuwapo sita! Wote waliingia chini ya meza, wa kwanza mchungaji!"

Taa ikawa nyekundu. Nikamzimia kipaza sauti, lakini mwanamke aliyezoea kunyamazisha watoto mia mbili na kumi hahitaji kipaza sauti. Aliendelea nusu dakika nzima, na ilibidi nisimame mbele yake na vifungo vyangu vya shaba. Kamati ikapiga kura. Tisa kwa wawili, kifungu cha tisa kikabaki. Verna akachukua upawa wake akatoka. Nilimwona pale mlangoni amemwinamia Arlene anamwambia matokeo, na Arlene akatikisa kichwa, hakucheka siku hiyo. Niliandika kwenye taarifa yangu kwamba ushiriki wa wananchi ulikuwa wa kuridhisha.

Jumatatu yake nilipata wazo, na ndilo linalonipa haki ya kuandika kumbukumbu hizi. Nikaenda ofisini kwa mwenyekiti.

"Mheshimiwa, vibali vikifutwa, Mlango wa Pili atapita nani?"

"Mwenye bastola."

"Tutamjuaje?"

"Atasema."

"Na asipokuwa nayo lakini akasema anayo?"

"Muulize akuonyeshe, Eubanks, mbona una..." Akakumbuka. Kuuliza ni marufuku. Alikuwa ameandika hivyo yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo mtu yeyote," akasema taratibu.

"Yeyote, Mheshimiwa."

"Ataingia humu ndani?"

"Na hasira zake zote."

Aliinuka, akaenda dirishani, akalivuta pazia. Sijawahi kuona mswada ukikomaa kwa kasi ile. Mchana huo huo viongozi walikutana faraghani. Saa kumi nikaitwa na kalamu yangu kuandika kifungu kipya: silaha za kificho ni ruksa popote, isipokuwa ndani ya Ukumbi wa Bunge. Mmoja akasema, na vyumba vya kamati je? Nikaongeza. Mwingine akasema yeye wananchi humkamata kwenye mikutano ya wapiga kura kwao, huko ndiko wanakotukana zaidi. Nikaongeza. Wa tatu, wa huko magharibi, akakumbusha kwamba hukutana na wapiga kura kwenye mgahawa wa mke wake. Karatasi ikajaa. Ndipo nikaja na lugha yangu mwenyewe, fupi na ya kisheria, ambayo hadi leo naiona nzuri:

"Hakuna mtu yeyote atakayekuwa na silaha katika chumba chochote ambamo mbunge ameketi kuwasikiliza wananchi, wala ndani ya hatua mia mbili za chumba hicho."

"Kamata hapo hapo!" mwenyekiti akasema, akanipiga bega.

Ukumbini kifungu kilipita kwa kelele za ndiyo, dakika nne tu. Roshani ya wageni ilikuwa karibu tupu. Walikuwapo Verna na Arlene, wanakula mkate wenye nyama, kinyume cha kanuni. Mbunge mmoja alipouliza kwa upole kama kifungu hiki si kulifanya Bunge zizi la kondoo, Mheshimiwa Hollings akajibu kwamba Bunge ni suala la mazingira maalumu.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo?" Arlene akapiga kelele kutoka juu. "Kwa binadamu je?"

Niliagiza ukimya. Verna alikuwa anaandika nyuma ya karatasi ya vyakula vya wiki ijayo, polepole, neno kwa neno, na mara akaniuliza kutoka roshani tahajia ya "ameketi". Nikamtajia. Mimi sina kinyongo na raia anayetaka kujifunza.

Bunge likafungwa mwezi wa tano. Sheria ikaanza Septemba mosi, siku chache baada ya shule kufunguliwa. Wiki mbili kabla ya hapo Verna alikuja ofisini kwangu na katoni lililokuwa la mapichi ya kopo.

"Nimeleta barua za kumwita mbunge wetu," akasema. "Kanuni ya Kumi na Tisa."

Ilibidi nifungue kitabu. Kanuni ya Kumi na Tisa ni ya zamani, ya enzi wakulima wa jimbo hili walipochoka na wabunge wanaopotea baada ya uchaguzi. Inasema wapiga kura thelathini wakitia saini kumwita mbunge wao mahali na saa waitakayo, lazima aende akae awasikilize mpaka wamalize. Asipokwenda, kiti chake ki wazi. Haikutumika kwa miaka tisini, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya kukaa nao.

Nikahesabu zile barua. Zilikuwa mia moja na sabini na nne. Zote zilimwita Mheshimiwa Dwight Hollings bwalo la shule ya Plum Fork, saa tano hadi saa saba mchana. Kila moja ilikuwa na tarehe yake na saini thelathini.

"Siku zote hizi?"

"Siku za shule tu. Jumamosi na Jumapili apumzike, naye ni binadamu."

"Mama, mbunge ana kazi!"

"Hii ndiyo kazi. Sheria imesema chumba ambamo mbunge ameketi. Sasa tunataka aketi. Kanuni inasema mara ngapi?"

Nikasoma tena. Haikusema.

Mwenyekiti nilipomwarifu alitukana matusi ambayo siwezi kuyaweka kwenye kumbukumbu rasmi. Akampigia gavana aitishe kikao cha dharura kifungu kirekebishwe. Gavana akajibu kwamba angelazimika kuwatangazia wananchi dharura yenyewe ni nini, na kwa upande wake hakuwa tayari. Kikao kijacho kilikuwa Januari ya mwaka wa pili. Kwa hiyo Septemba mosi, saa tano kasoro dakika kumi, tulikuwa Plum Fork, yeye kwa sababu ya kiti chake, mimi kwa sababu alisema nilichoandika nikakisimamie.

Verna alikuwa mlangoni, aproni nyeupe, mkono mmoja kiunoni.

"Karibu zizini, Dwight. Hiyo ya kulia iache nje."

"Mimi ni mbunge!" akasema. "Kifungu kinanilinda mimi!"

"Bwana Eubanks, hebu kisome."

Nikakisoma. Nilipofika "mtu yeyote" Mheshimiwa akanitazama kwa macho ambayo tangu siku ile sijayasahau. Kisha akarudi garini, akaliendesha hadi ng'ambo ya uwanja wa mpira, na hatua mia mbili nilizihesabu mimi mwenyewe mbele ya watoto walionisaidia kuhesabu kwa sauti. Akaifungia bastola humo ndani, akarudi kwa miguu juani, mkono wa kulia ukipapasa kiuno kitupu.

Bwalo la shule ya msingi lina viti vya kimo cha watoto. Magoti yake yalifika karibu na kidevu. Wakamwekea sinia: vijiti vya samaki, makaroni na jibini, karoti nne za kuchemsha, boksi la maziwa. Kulia kwake alikaa msichana mmoja asiye na meno ya mbele, akamweleza tangu mwanzo hadi mwisho jinsi sungura wake alivyokufa. Mheshimiwa alisikiliza. Kanuni inamtaka asikilize.

Kwenye meza ya kupakulia, Verna alikuwa kwenye sufuria. Kwenye mboga, juu ya stuli ndefu, kitembeleo kimeegemezwa ukutani, alikuwa Arlene. Kila uma ulipoanguka alishtuka, akavuta pumzi, akaendelea kupakua. Zilianguka nyingi. Hakuna bastola iliyolia.

Saa sita na dakika ishirini Mheshimiwa akajifuta mdomo, akanong'ona, "Nimewasikia vya kutosha. Naondoka."

"Ondoka," Verna akasema. "Lakini kwanza tazama dirishani."

Tukatazama. Ng'ambo ya barabara, nje kidogo ya zile hatua mia mbili, alisimama mzee mrefu mwenye koti zito la baridi, mwezi wa tisa, anajifuta jasho. Alikuwa anatazama saa yake.

"Nani yule?"

"Shemasi Lyle. Mjukuu wake ni yule pale mwenye fulana ya kijani. Anataka kuja kula naye. Lyle mtu wa sheria, anakusubiri uinuke tu."

"Lyle yule aliyeangusha?"

"Huyo huyo. Mkanda ule ule."

Mheshimiwa Dwight Hollings, mwenyekiti wa Kamati ya Usalama, alikuwa ameshainuka nusu. Alimtazama Lyle. Akawatazama wale watoto, na uma zao, na sakafu ya saruji. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akashuka taratibu mpaka kile kiti kidogo kikalia chini yake.

"Kesho anakuja nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wewe," Arlene akasema. Alikuwa ameshuka kwenye stuli, amekuja na kitembeleo chake hatua kwa hatua mpaka mezani. "Zimebaki barua mia moja na sabini na tatu, na mwakani tutaandika nyingine. Hebu fungua hilo boksi la maziwa nilione."

"Ya nini?"

"Fungua, Dwight."

Mheshimiwa alinitazama mimi, kana kwamba kuna utaratibu. Haukuwapo. Akalifungua. Karoti zilikuwa humo, zote nne.